Galoni ya Baba

Saa moja asubuhi, Julai, Barabara ya Kirinyaga.
Baridi imekaa juu ya mabati kama mdai asiye na haraka.
Fundi Musembi anachomoa kijiti cha kupimia,
anakifuta kwa tambara lililowahi kuwa jezi ya mtu,
anakichovya tena, anakiinua kwenye mwanga:
nyeusi, kama strungi ya matangani.
"Hii imemaliza kazi yake," anasema.

Baba hakuniachia jibu. Aliniachia gari,
Toyota ya tisini na saba, rangi ya mtindi,
na daftari la mirabaraba ndani ya dashibodi.

"Weka ya kawaida, Kwamboka.
Injini hii ni mzee wa uji, usimlishe pilipili.
Sintetiki ni nyepesi, ni mjanja,
itakwangua masizi yanayoziba nyufa,
kesho uniletee gari linalotoka jasho chini."
Lita nne: elfu mbili na mia nne.

Ng'ambo ya barabara, dukani,
Talaso hana habari na wazee wa uji.
Anajua foleni.
"Jogoo Road unakaa muda gani?"
Saa moja na nusu, nikibahatika.
"Basi gari limesimama, lakini moto haujasimama.
Ya kawaida itakuchokea kwenye elfu tano,
hii itakufikisha kumi.
Na asubuhi kama ya leo
inapanda hadi juu ya injini
kabla hujafunga mkanda."
Elfu sita na mia tano. Ananisogezea kikokotoo
kama daktari anayekusogezea kiti.

Rahisi ghali, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa na nyumba ya kupanga Umoja.

Nikarudi kwenye gari kufikiri, yaani kukaa tu.
Nikafungua daftari.
Mwandiko wa baba umelala upande, kama umechoka:
*Km 188,200. Ya kawaida. Musembi.*
*Km 193,150. Ya kawaida. Musembi.*
Kurasa tatu hivyo hivyo, mtu na desturi yake.
Kisha kalamu inageuka nyekundu:
*Km 214,000. Sintetiki. M. asijue, atavunjika moyo.*
*Km 224,010. S.*
*Km 233,900. S. Haivuji hata tone.*

Ndipo nikaikumbuka ile galoni ndani ya buti,
galoni ya oili ya kawaida, tupu,
imeoshwa kwa sabuni, imefungwa kwa kitambaa,
ambayo mara mbili nilitaka kuwapa wazoa taka.

Baba! Mzee wa kanisa,
aliyenichapa kwa uongo wa shilingi mbili za mandazi.

Talaso hakuuliza kitu.
Alishika faneli, mimi nikashika galoni,
na ile rangi ya asali changa ikateremka taratibu
ndani ya jina lisilo lake.
Nilitazama barabarani kama mwizi.

Musembi alikuwa ameshamwaga ile nyeusi,
ameshafunga filta mpya, anapiga mluzi.
Akapokea galoni, akamimina.
Mluzi ukakatika.
Tone moja lilibaki kwenye shingo;
akalitwaa kwa kidole gumba,
akalisugua polepole na cha shahada
kama mama anayepima unga sokoni.
Akanitazama. Nikatazama faneli.
Mkokoteni wa chuma chakavu ukapita, ukachukua muda wake wote.

"Mzee naye," akasema,
"alikuwa akiniletea ya kawaida ya namna hii hii.
Miaka mitatu."
Akafunga kifuniko. "Washa."

Nikawasha.
Aliinamisha kichwa akasikiliza kwa muda mrefu,
mrefu kuliko injini inavyohitaji,
kisha akaifuta mikono yake kwenye ile jezi.
"Mia tano ya kazi," akasema.
"Na hiyo galoni, Kwamboka,
usiitupe."